Sabufa ya bei nafuu: wenye nazo wanasifu nini, wanajutia nini

Kwa mkaazi wa Kisiwa Panza, kununua sabufa ni safari. Fedha zinalipwa Mkoani au Chake Chake, boksi linapakiwa kwenye gari hadi Chokocho, linapandishwa chomboni, na mara nyingi hufunguliwa likishafika nyumbani. Likionekana lina kasoro, njia ile ile inarudiwa: nauli nyengine, mabishano na mwenye duka, na siku nzima ya uvuvi au ya mwani iliyopotea.

Kwa hiyo mzazi mwenye akiba ndogo hufanya vyema kuwasikiliza kwanza wale ambao tayari wanavyo vyombo hivi majumbani. Mwenye duka anasifia mzigo anaotaka uondoke. Mwenye nyumba ameshaishi nao Ramadhani nzima, umepita naye mvua za masika, na ameshagombana na watoto kuhusu rimoti. Sifa na lawama zake hurudi kwenye mambo machache yale yale.

Sabufa au risiva?

Vyombo vya kuipa televisheni sauti ya ukumbi mzima viko vya aina mbili. Cha kwanza ni sabufa, yaani boksi moja la besi lenye mtambo ndani yake, pamoja na spika ndogo mbili, tatu au tano. Cha pili ni risiva ya sauti, si ile ya dishi. Huu ni mtambo peke yake unaogawa sauti kwa spika zinazonunuliwa mbali.

Familia nyingi huchukua sabufa, na sababu zao ni za maana: bei ni nafuu, nyaya ni chache, na redio, flashi na bluutuu vimo ndani. Usiku mmoja inatoa mpira, asubuhi yake kisomo cha Kur-ani au qaswida kutoka kwenye flashi, na mchana taarifa ya habari.

Risiva hupatikana kwa bei ya kuvutia kwenye mitumba, na mtumba mzuri unaweza kuishi miaka mingi. Hatari yake iko kwenye umeme. Vyombo vilivyotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni vya volti 100, na vya Marekani ni vya volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Risiva ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja ukutani inaungua, pengine siku hiyo hiyo. Lazima ipitie kwenye transfoma ya kushusha umeme, nayo ni gharama nyengine. Vya kutoka Oman na Dubai havina tatizo hili, kwani umeme wa huko unakaribiana na wa hapa. Jibu limeandikwa nyuma ya chombo. Mzazi asome kabla ya kutoa fedha.

Namba kubwa za kwenye boksi

Malalamiko ya kwanza ya wenye sabufa ni kwamba nguvu iliyoandikwa haikuonekana. Boksi linasema PMPO wati 10,000, na chombo kikifika nyumbani kinaanza kukwaruza sauti ikifika nusu.

Debe tupu haliachi kuvuma. PMPO ni hesabu ya tangazo, haina kanuni moja inayofuatwa na viwanda vyote. Namba yenye maana ni ile inayoandikwa RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa muda mrefu. Isipoonekana, kigeuzwe nyuma paangaliwe kinakula wati ngapi za umeme. Kinachokula wati 60 hakiwezi kutoa wati 10,000, kama vile kisima cha ndoo tatu hakiwezi kujaza pipa. Kwa ukumbi wa kawaida wa nyumba ya kisiwani, wati chache za kweli zinatosha na kubaki.

Namba hiyo ya nyuma inamsaidia mzazi pia kwenye mita ya TUKUZA. Chombo cha wati 60 kikiwashwa saa tano kwa siku hakizidi uniti 0.3, sawa na uniti tisa kwa mwezi. Nyumba inayotumia sola itafute sabufa iliyoandikwa kwamba inapokea volti 12. Isiyopokea italazimu kununua chombo cha kubadilisha umeme, nacho kitakula betri.

Kuna pia namba za 2.1, 3.1 na 5.1. Ya mwanzo ni idadi ya spika ndogo, na ile moja ya mwisho ni boksi la besi. Hapa wengi hujutia fedha zao. Sauti ya kuzunguka kweli, ile ya mvua kusikika nyuma ya kiti na gari kupita kutoka kushoto kwenda kulia, inahitaji filamu iliyorekodiwa hivyo na waya unaoweza kuibeba, kama wa HDMI au wa mwanga. Waya wa nyekundu na nyeupe kutoka kwenye king'amuzi unabeba njia mbili tu. Ukiunganisha 5.1 kwa waya huo, spika za nyuma zinarudia yale yanayosemwa na za mbele. Familia inayoangalia habari, mpira na tamthilia za king'amuzi haipotezi chochote kwa kuchukua 2.1 iliyo nzuri.

"Naisikia ngoma tu"

Lawama kubwa zaidi inatoka kwa wazee. Kijana analeta sabufa ili bibi yake asikie vizuri taarifa ya habari, na bibi anamwambia: "Mjukuu wangu, naisikia ngoma tu. Anachosema huyo bwana sikisikii."

Bibi hana kosa. Sabufa nyingi za bei nafuu hutengenezwa ziwavutie wanunuzi dukani kwa besi, na besi ikizidi inafunika maneno. Mtu mzima anayepungukiwa kusikia huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na th, ambazo ndizo zinazotenganisha neno moja na jengine. Kumwongezea besi ni kumzidishia shida.

Tiba yake haina gharama. Besi ipunguzwe hadi karibu na mwisho, sauti nyembamba iongezwe kidogo, na spika ndogo ziwekwe usawa wa masikio ya aliyekaa, si chini ya meza wala juu ya kabati. Boksi la besi liondolewe kwenye kona, maana kona inaikuza. Likishakaa hivyo, watu hugundua kwamba wanasikia zaidi kwa sauti ndogo kuliko walivyokuwa wakisikia mwanzo kwa sauti kubwa.

Hiki ndicho kipimo ambacho kingepaswa kutangulia vyengine vyote. Sabufa nzuri ni ile ambayo maneno yake yanasikika wazi ikiwa chini. Mvumo kila chombo kinao.

Masikio ya watoto

Mtoto hapendi kupunguza, na masikio yake ndiyo yanayohitaji kulindwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80, na kwa mtoto kiwango kishuke hadi desibeli 75. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda salama unapungua nusu. Kwa hesabu ya mtu mzima, desibeli 80 ni saa 40, 83 ni saa 20, na 86 ni saa 10. Ikifika 95, muda wa wiki nzima ni kama saa moja na robo. Filamu moja inaumaliza.

Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviti tena. Mtoto haumwi, kwa hiyo halalamiki. Kinachoonekana baadaye ni skuli: anaitwa mara mbili, anakaa karibu na televisheni, anaandika neno jengine badala ya lililosemwa na mwalimu, na anaonekana mtundu au mzito.

Mzazi asiye na kifaa cha kupimia atumie njia ya nyumbani. Asimame hatua moja kutoka kwa mwenzake ukumbini, azungumze kwa sauti ya kawaida. Ikimbidi apige kelele ili asikike, sabufa iko juu mno. Mtoto mchanga asilazwe chumba chenye boksi la besi, na mtoto asiachiwe kukaa na kuegemea spika. Anayesema masikio yanamlia baada ya filamu asichekwe. Kimya cha siku hiyo ni dawa, na hali ikiendelea apelekwe hospitali.

Jirani naye ana masikio

Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta. Besi hupenya. Ndiyo maana jirani hapati raha ya filamu yenyewe, anapata mtikisiko wake tu. Kisiwani, jirani huyo pengine ni mvuvi anayetoka usiku, au mama anayeamka na maji ya bamvua kwenda kwenye mwani wake. Pengine ana mgonjwa, au watoto wanaodurusu kwa ajili ya mitihani.

Wenye sabufa waliodumu kwa amani na majirani wana mazoea yanayofanana. Besi hushushwa kabisa baada ya sala ya isha. Boksi huinuliwa kutoka sakafuni na kuwekwa juu ya kitu laini, kama mkeka uliokunjwa au kipande cha godoro. Milango ya barazani haifunguliwi ili mtaa mzima usikie. Na penye msiba sabufa huzimwa bila ya kuambiwa.

Chumvi, vumbi na vidole

Vyombo vya umeme vya pwani vina adui wa kudumu. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi inakula vichwa vya nyaya na skurubu. Sabufa iwekwe mbali na dirisha linalotazama bahari, ifunikwe kwa kitambaa ikishazimwa na kupoa, na ifunuliwe kabla ya kuwashwa. Nyuma yake paachwe nafasi ya shubiri moja ili joto litoke.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaua mtambo haraka kuliko chumvi. Gadi ya umeme, au kuchomoa tu umeme unapokatika, inaokoa mengi. Na kwa nyumba yenye watoto wadogo, tundu la boksi la besi ligeuzwe upande wa ukuta bila ya kuzibwa. Mafundi hutoa humo vijiko, kalamu na hata betri za rimoti.

Kabla ya kuvuka

Mzazi anayetoka Kisiwa Panza asikubali boksi lililofungwa. Aombe liwashwe dukani, na asiache muziki wa muuzaji uwe ndio mtihani. Aende na flashi yake yenye mazungumzo: mawaidha, habari au hadithi. Asikilize kwanza sauti ikiwa chini, besi ikiwa mwisho. Kisha apandishe hadi nusu, asikilize kama kuna mkwaruzo. Ajaribu kila spika, kila tundu na kila kitufe cha rimoti. Asome volti na wati nyuma ya chombo. Achukue risiti yenye tarehe na muda wa dhamana, na aulize fundi wa karibu ni nani. Mwisho alifunge boksi kwa nailoni, kwani tone la maji ya chumvi likiingia njiani hakuna dhamana itakayolipokea.

Likishafika nyumbani, jambo la mwanzo ni makubaliano, kabla hata ya nyaya kuunganishwa. Baba na mama wakubaliane kiwango cha juu cha sauti, wakitie alama kwa wino au kipande cha utepe kwenye kitufe, au wakitaje kwa namba ya kwenye kioo. Watoto waelezwe sababu yake, si amri peke yake. Na wazazi wakiheshimu wao kwanza, hata usiku wa fainali. Mtoto huifuata alama ile kadiri anavyowaona wakubwa wakiifuata.