Fundi, Usianze na Skrubu ya Gesi

Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 ilifika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na baada ya hapo magari nayo yakaanza kuitumia badala ya petroli. Mengi kati ya magari hayo ni makuukuu: yaliundwa Japani katika miaka ya 1990, yakatumika huko, kisha yakaja kwetu. Mimi si mpinzani wa gesi hiyo. Ninachokipinga ni desturi iliyoota mizizi katika karakana zetu. Mwenye gari akilalamika kwamba injini inamisi au haina nguvu, fundi huizungusha skrubu ya gesi, husikiliza mlio, hutabasamu, na kupokea ujira wake. Sikio la fundi mzoefu ni chombo cha thamani, lakini halisomi volti.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba petroli na gesi hazidai mambo yaleyale kutoka kwa injini. Kilo 1 ya petroli huungua barabara kwa kilo 14.7 za hewa. Kilo 1 ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa mno ya gesi asilia ya Songo Songo, huhitaji kilo 17.2. Aidha, mchanganyiko wa gesi na hewa hutaka volti kubwa zaidi ili cheche iruke katika pengo la plagi, na moto wake husambaa polepole kuliko wa petroli. Kwa hiyo koili iliyochoka, kofia ya distribyuta yenye ufa na waya wa plagi uliokauka huweza kuvumiliwa na petroli mwaka mzima, vikagomewa na gesi siku ya kwanza.

Hayo nimeyajua kwa gharama. Corolla yangu iliyoundwa mwaka 1996, ambayo ilifungwa kichanganyio cha kuvuta gesi kwa nguvu ya hewa iingiayo katika injini, ilianza kukohoa kila ilipopanda mlima. Niliirudisha karakana mara tatu. Mara zote tatu waliiwasha kwa petroli, ikatulia. Wakahukumu kwamba kosa ni la gesi, wakaizungusha skrubu. Baada ya mara ya tatu moto ulirudi nyuma katika njia ya hewa ukalipasua kasha la chujio. Laiti mtu angalikuwa ameinamia injini wakati huo!

Usiku ule nilikagua viungo vya bomba kwa povu la sabuni, nikahakikisha hakuna uvujaji, nikaifunga valvu ya mtungi. Kisha niliwasha injini kwa petroli gizani, nikazirashia waya za plagi maji kidogo, pasipo kuzigusa. Waya wa silinda ya tatu ukarusha vicheche vya buluu kuelekea kwenye chuma. Asubuhi niliupima kwa mita: ukinzani wake ulikuwa umepita mbali kilo-omu 25, kikomo cha mtengenezaji. Nikabadili waya zote nne, nikapunguza pengo la plagi kutoka milimita 1.1 hadi 0.8, na kikohozi kikakoma. Kazi iliyobaki ilikuwa kuirudisha skrubu mahali pake pa awali, nayo ikawa ngumu kuliko zote, kwa kuwa hakuna aliyeandika ilikuwa wapi.

Kosa jingine twalitenda wenyewe. Kwa kuogopa joto la Pwani, mafundi wengi huondoa thamostati wakidhani wanaiokoa injini, nasi wenye magari hujaza rejeta maji ya bomba. Gesi hukaa katika mtungi kwa kanieneo ipatayo mara 200 ya ile ya hewa ya kawaida. Ikishushwa katika regyuleta hupoa vikali, na ndiyo sababu maji ya moto ya injini hupitishwa humo. Maji yakiwa vuguvugu tu, au njia zake zikizibwa na kutu, regyuleta huota barafu, diaframu hukakamaa, na gari huishiwa pumzi likipanda Kimara huku jua likiwaka. Hapo pia skrubu ndiyo hulaumiwa.

Wapo madereva, hasa wa teksi, wanaomwomba fundi abane gesi ili mtungi udumu. Nawaelewa, maana hesabu ya jioni haingoji. Lakini gesi ikipungua kuliko inavyotakiwa moto hukawia, ukawa ungali unaungua wakati valvu za kutolea moshi zinapofunguka. Nayo gesi huingia ikiwa kavu, wala haizipozi valvu na vikalio vyake kama petroli inavyofanya. Nafasi ya tapeti hupungua kidogo kidogo, hata valvu isifunge sawasawa, ikaungua. Na kufungua silinda hedi humeza akiba ya miezi mingi. Wengine hutaka kinyume chake, gesi ifunguliwe ili nguvu irudi. Hairudi. Katika mfumo wa kichanganyio nguvu hupungua kwa takriban moja ya kumi, kwa sababu gesi hukalia nafasi ya hewa.

Rai yangu ni kwamba karakana isifunge mtungi katika gari kuukuu kabla ya kupima mbano wa silinda zote, waya, koili na tapeti. Mwenye gari apewe karatasi yenye namba hizo, pamoja na mahali ilipowekwa skrubu na kiasi cha oksijeni kilichosomwa katika moshi. Injini iliyochoka ikataliwe hadi itengenezwe, hata kama mwenyewe ameshika fedha mkononi. Nitaambiwa kwamba kupima huongeza gharama. Huongeza, naam, saa chache za kazi. Kasha langu la chujio nalo halikuwa la bure.

Karatasi yangu nimeiandika mwenyewe, nikaibandika ndani ya kisanduku cha dashibodi: skrubu mizunguko minne na robo kutoka kufungwa, pengo la plagi 0.8, tapeti zipimwe tena baada ya kilomita 20,000.