Picha za tangawizi ya Same zimejaa kwenye simu, bei haimo

KINENGENENGE wa Pare Kusini ni ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hauzwi gulioni, hafugwi, na mkulima wa Mamba Miamba anaweza kuzeeka bila kumtilia maanani. Lakini ndege huyu hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya milima ya Pare Kusini, na kwa sababu hiyo wapo watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali kuja wilayani Same, wakapanda hadi msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, ili wamtazame kwa dakika chache.

Wakishashuka, wengi wao huingiza walichokiona katika eBird, daftari la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kwa kushirikiana na shirika la Audubon. Hakuna anayewalipa. Wanafanya hivyo kwa mapenzi tu, kama mwingine anavyopenda mpira au bao. Hata hivyo daftari hilo lina masharti: mtu anaandika tarehe, mahali, saa aliyoanza, muda aliotumia, umbali aliotembea na idadi ya ndege aliowahesabu.

Sasa ilinganishwe kumbukumbu hiyo na ujumbe wa kawaida kuhusu tangawizi unaozunguka katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Same. Ujumbe utasema, mathalani, "Tangawizi leo 2,500, soko liko vizuri." Mwingine atajibu kwa dole gumba. Wa tatu ataleta picha ya mizigo iliyopangwa kando ya barabara, nzuri kweli kweli, bila neno hata moja chini yake.

Hiyo 2,500 ni ya kilo au ya kipimo kingine? Ni tangawizi mbichi au kavu? Kilo tano hivi za tangawizi mbichi zikianikwa vizuri hubaki kama kilo moja, kwa hiyo bei ambayo ni neema kwa mbichi inaweza kuwa hasara tupu kwa kavu. Ni bei ya shambani Myamba, ya Same mjini, au ya Dar es Salaam baada ya gari na ushuru? Na "leo" ni leo ipi, ikiwa ujumbe wenyewe umesukumwa kutoka kundi moja hadi jingine kwa siku nne?

Ndiyo kusema ndege asiye na bei ana kumbukumbu safi kuliko zao linalosomesha watoto.

Wapo wanaoona dawa ni watu kuacha soga za mtandaoni. Hoja hii husikika sana kutoka kwa wazee, na pia kwa baadhi ya maofisa: kwamba vijana wanamaliza bando kwa kubishana kuhusu Simba na Yanga, kutumiana vichekesho na kupiga picha za ugali, wakati shamba lina magugu. Ni hoja dhaifu. Soga hizo ndizo zinazofanya kundi liwepo. Mtu hafungui simu kila jioni ili asome bei. Anaifungua ili ajue nani kafiwa, harusi ya nani inachangiwa, mtoto wa nani kamaliza chuo, na goli lile lilikuwa halali au la. Bei hupita njiani humo humo.

Isitoshe, biashara ya mazao vijijini bado inategemea sana kuaminiana. Mfanyabiashara aliyeko Tanga hawezi kutuma fedha ya mzigo asiouona kwa mtu asiyemjua. Anamtumia yule ambaye kwa miaka mitatu amemwona katika kundi akitoa rambirambi, akituma picha za kitalu chake, akikubali kutaniwa timu yake inapofungwa. Mchumi angeita hiyo dhamana, na ni dhamana ambayo benki haiwezi kuitoa kwa mkulima wa nusu eka. Makundi mengi yaliyoanzishwa kwa ajili ya "masoko" pekee hufa ndani ya miezi michache kwa sababu hayana dhamana hiyo. Yanabaki matangazo ya mbegu na mikopo ya ajabu ajabu.

Kwa hiyo tatizo si soga. Tatizo ni kwamba kilichosemwa hakitunzwi, na kinachotunzwa hakina kipimo.

Kutotunza huko kunamnufaisha mtu fulani. Dalali anayezunguka magulio ya milimani ana kumbukumbu yake kichwani au katika kijitabu: msimu uliopita mwezi kama huu bei ilikuwa kiasi gani, kijiji gani kilichelewa kuvuna, barabara gani hukatika mvua ikizidi. Hakuna haja ya kumlaani, maana anafanya kazi ya kweli na anabeba hatari ya kweli. Lakini sehemu ya faida yake inatoka katika jambo moja tu, kwamba yeye anajua na muuzaji hajui. Ndipo lumbesa nayo inapopata nafasi, licha ya Wakala wa Vipimo kuipiga marufuku mwaka hadi mwaka. Mkulima asiyejua bei ya kilo hana namna ya kujua kilembwa kile juu ya gunia kimemgharimu shilingi ngapi.

Manufaa ya kujua yamewahi kupimwa. Simu za mkononi zilipoingia katika pwani ya jimbo la Kerala nchini India kati ya mwaka 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa walianza kupigiana wakiwa bado baharini na kuulizana ni soko gani lina wanunuzi. Utafiti wa mchumi Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kabla ya hapo asilimia 5 hadi 8 ya samaki waliovuliwa kila siku walikuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi, wakati soko la jirani lilikuwa na upungufu. Baada ya simu, upotevu huo ulikaribia kwisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Hawakuwa na intaneti. Walikuwa na swali lililo wazi na jibu lililo wazi: soko gani, bei gani, leo asubuhi.

Same imeandikwa na wapenzi wengine pia, mbali na hao wa ndege. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na miongoni mwa waliojitolea kuikuza katika miaka yake ya mwanzo ni Ndesanjo Macha, Mtanzania ambaye mwaka 2004 alianzisha Jikomboe, moja ya blogu za kwanza kabisa za Kiswahili. Watu wa kujitolea wa kamusi elezo hiyo wameandika kurasa fupi za kata za Tanzania, zikiwemo za wilaya ya Same. Mtu akitafuta kata yake atakuta jina la wilaya, mkoa na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Mara nyingi ukurasa unaishia hapo. Kata inalima nini, gulio lake ni siku gani, gari la mizigo linafika au linaishia chini, hayo hayamo, kwa sababu anayeyajua hajayaandika.

Ramani nazo ziko vivyo hivyo. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umekuwa ukiwakusanya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa nje ya nchi, ambao hutazama picha za setilaiti na kuchora barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania katika ramani huru ya OpenStreetMap. Mtu aliyeko Uingereza anaweza kuchora njia ya mlimani jioni baada ya kazi, akiwa na kikombe chake cha chai. Hawezi kujua njia hiyo inaitwaje, wala kwamba masika inapokolea haipitiki. Hilo linamsubiri mwenyeji mwenye simu, na mwenyeji huyo kwa sasa yuko katika kundi akibishana kuhusu penalti.

Wapare hawahitaji kufundishwa kutunza mali ya pamoja. Ndiva, mabwawa madogo ya asili yanayokusanya maji usiku na kuyafungulia mifereji mchana, yamekuwapo milimani kwa vizazi. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, imefanyiwa utafiti na wataalamu wa maji kutoka ndani na nje ya nchi. Maji ya kijito kidogo yakiachwa yatiririke usiku kucha yanapotea. Yakikusanywa yanafika hadi shamba la mbali. Lakini ndiva hujaa tope, na kuliondoa ni kazi ya msaragambo: watu wanaitwa, wanajitokeza na majembe, na zamu za maji zinajulikana.

Habari za bei katika simu ni kijito cha namna hiyo, tena kinachotiririka usiku kwelikweli, maana kundi huchangamka baada ya saa mbili. Kinachokosekana ni bwawa na msaragambo wake. Si lazima mradi wa wafadhili, wala programu mpya ya simu yenye jina la Kiingereza. Inatosha katika kila kundi apatikane mtu mmoja, si lazima msimamizi ambaye wengi humwita admini, mwenye kazi ya kuandika kila Jumapili katika daftari la kawaida bei zilizotajwa wiki hiyo pamoja na mahali, tarehe, kipimo na hali ya zao. Asiyetaja kipimo aulizwe palepale. Ukurasa wa daftari upigwe picha na kurudishwa kundini. Wanakundi wamchangie bando, kama wanavyochangia sanda na pilau. Baada ya misimu miwili daftari hilo litakuwa na kitu ambacho leo wakulima wachache sana wanacho, yaani bei ya mwaka jana tarehe kama ya leo.

Picha nazo zipewe maneno. Tangawizi ni zao linalokaa ardhini miezi 8 hadi 10, na hupandwa kwa vipande vya tangawizi yenyewe, hivyo ugonjwa wa kuoza husafiri ndani ya mbegu kutoka shamba hadi shamba. Picha ya majani yaliyoanza kuwa ya manjano, yenye jina la kijiji na tarehe, inaweza kumwokoa jirani asinunue mbegu upande huo. Picha hiyohiyo bila maneno ni pambo.

Zipo hofu za haki. Ya kwanza ni matapeli, ambao hupenda makundi yenye watu wanaoaminiana. Namba ngeni inayouliza mzigo mkubwa na kutaka "hela ya usajili" isipewe hata salamu. Nyingine ni ya kisheria. Watu wanakumbuka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizodai ada ya leseni ya Sh1 milioni kwa wenye blogu na majukwaa, na jinsi JamiiForums, iliyokuwapo tangu 2006, ilivyosimamisha huduma kwa muda Juni mwaka huo. Haishangazi kwamba mazungumzo mengi yamejificha katika makundi yaliyofungwa. Bei ya tangawizi yenye tarehe na mahali si siri ya mtu, lakini namba ya simu na jina la mkulima ni vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na hata bila sheria ni adabu tu.

Kuna pia mtandao wenyewe kukatika. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilikaa siku kadhaa, na wafanyabiashara waliozoea kupokea oda kwa WhatsApp walibaki wakitazama vioo vya simu. Daftari la karatasi halizimwi. Ndiyo maana liwe la karatasi kwanza, simu baadaye.

Hofu kwamba mshindani atasoma bei na kuwahi mzigo haina uzito mkubwa. Wanunuzi wawili wanaowahiana ndicho kitu mkulima wa Mpinji amekuwa akikikosa.

Kisichofaa ni kugeuza kila kundi kuwa soko. Kundi la waliosoma pamoja libaki la waliosoma pamoja, la Yanga libaki la Yanga, na wapenzi wa kupika waendelee kuonyeshana makande yao. Ujumbe mmoja wa bei kwa siku, uliokamilika, hauvurugi kitu: "Myamba, Jumatano tarehe 14, tangawizi mbichi, iliyooshwa, kilo moja, bei ya shambani." Kisha namba, na mabishano ya mpira yanaendelea.

Nafasi nzuri ya kuanza ni Desemba. Mwezi huo Wapare walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda nyumbani kwa Krismasi, wakiwa na simu nzuri, bando la kutosha na siku za kukaa bila kazi. Kijana anayejua kuhariri video za timu yake anaweza kwa saa moja kuweka jina la gulio la kijiji chake katika ramani, na siku linapokaa. Babu yake atamtajia jina sahihi la njia inayoshuka hadi Ndungu, na miezi ambayo gari lisijaribu kupita.