Dishi la Setilaiti: Nimefunga Nyumbani, Ila Nyie Fungeni Kwingine



Miezi hii naulizwa swali moja kila ninakopita, kuanzia sokoni Tengeru mpaka Ngarenanyuki: "Bwana shamba, tunaona umefunga dishi la intaneti nyumbani kwako. Na mimi nifunge?" Mwanzoni nilikuwa najibu haraka: funga. Siku hizi sijibu hivyo, na leo nataka kueleza kwa nini.

Mimi naishi nyuma ya Mlima Meru, bondeni. Minara ya simu ipo, lakini kati yangu na mnara kuna mwinuko. Kupiga simu unapiga. Data ndiyo shida: picha inazunguka tu mpaka uamue kupanda barabarani. Wengi wenu mnaonisoma mnalima maeneo ya namna hii hii.

Msimu mmoja uliopita, dada mmoja anayelima nyanya kibiashara alinipigia jioni. "Kaka, majani yananiungua, yana mabaka ya kahawia. Nimekutumia picha." Picha sikuiona. Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha, nikafikiria bakajani, nikamwambia apige dawa ya ukungu. Akapiga kama nilivyomwambia. Picha iliingia siku ya tatu. Kuifungua tu, nikaona vijia vyeupe ndani ya jani na vinyesi vyeusi vya kiwavi. Ilikuwa kantangaze, na dawa ya ukungu haimfanyi kitu kantangaze. Tulipobadilisha dawa, viwavi walishaingia kwenye matunda. Alichuma, ndiyo, lakini alichouza Kilombero hakikurudisha hela ya mbegu na dawa.

Akaniambia, "Usijali kaka, ni mtandao." Mtandao ulichangia, lakini aliyetoa ushauri bila kuona jani ni mimi. Kantangaze sio mgeni kwetu, ametambuliwa hapa hapa Arumeru tangu 2014. Ningemwambia hata kwa simu ya kawaida: chuma jani, liinue kwenye mwanga, uniambie kama unaona kiwavi ndani. Sikumwambia.

Baada ya hapo nikaamua kufunga dishi. Nilitafuta mtoa huduma mwenye leseni, nikajibana, fundi akaja akafunga. Faida niliziona. Ripoti natuma nikiwa nyumbani, nahudhuria mafunzo kwa video, na picha zinafunguka palepale. Nikajua tatizo limekwisha.

Halijaisha. Miezi michache baadaye kijana mwingine akanitumia picha ya kitunguu, ikachukua siku moja na nusu kunifikia, na dishi langu likiwa linawaka vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa. Picha ilikuwa imekwama kwake, shambani, sio kwangu. Nilikuwa nimejitengenezea mimi njia ya kupokea, na mkulima bado hana njia ya kutuma.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa mkulima wa biashara anayeishi kwenye kivuli cha mtandao, setilaiti ni jambo zuri, lakini dishi la kwanza lisifungwe nyumbani kwa mtu mmoja. Lifungwe na kikundi, pale mnapokusanyia na kupangia mazao, na lihesabiwe kama pembejeo.

Najua kuna atakayesema, "Mimi hela ninayo, kwa nini nisubiri kikundi?" Sikukatazi, hela ni yako. Ila piga hesabu hizi kwanza.

Hesabu ya kwanza ni umeme. Madishi mengi ya setilaiti za chini, zile zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, hula makumi ya wati. Ukiliwasha saa 24 kwa wati 75, ni karibu yuniti 1.8 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina kama wati-saa 1,200, na ukitaka idumu usiivute zaidi ya nusu. Maana yake dishi peke yake litaimaliza kwa saa nane, bila taa wala kuchaji simu. Wengi hapa mna sola ya taa na redio. Hiyo haitoshi. Panga kuwasha kwa saa maalumu, au ongeza paneli na betri.

Hesabu ya pili ni ada. Ada ya mwezi haisubiri mavuno. Nyanya zikiwa kitaluni unalipa, na shamba likiwa limepumzika unalipa vilevile. Usiihesabu kwa shilingi peke yake, ihesabu kwa matenga: kwa bei ya msimu mbaya, sio ya msimu mzuri, ni matenga mangapi yanakwenda kwenye dishi kila mwezi? Kama ni mengi kuliko hasara unayoiepuka, acha kwanza. Kikundi cha watu kumi na wawili wakigawana, hesabu inakuwa nyingine kabisa. Tena kateni mchango siku ya mauzo, kama mnavyokata wa mbolea, msingoje mtu akumbuke.

Hesabu ya tatu ni aina ya setilaiti. Zile za zamani zimekaa mbali sana, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukiongea kwa video kuna kuchelewa kwa zaidi ya nusu sekunde, mnaanza kukatizana maneno. Kwa kutuma picha na kusoma bei hakuna neno. Zile za chini zina kasi zaidi, lakini dishi lake linahitaji anga kubwa iliyo wazi. Wengi mnadhani mlima ndio utakaozuia. Mara nyingi mlima hauna shida, kwa sababu dishi linatazama juu. Kinachosumbua ni mgrivea na mparachichi ulio mita chache kutoka kwenye paa. Na zote mbili, mvua kubwa ya masika ikishuka, zinaweza kukata. Usipange biashara kana kwamba hazikatiki.

Sasa lile la Namanga. Kila wiki kuna anayeniuliza, "Nivuke nichukue dishi Kenya? Kule ni rahisi." Ni kweli Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023, na bei za vifaa zimeshuka tangu hapo. Lakini jibu langu ni hapana. Huku kwetu mtoa huduma anatakiwa awe na leseni ya TCRA, na kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa. Dishi lililosajiliwa nchi nyingine linaweza kuzimwa siku yoyote. Mwaka 2024 kampuni hiyo yenyewe iliwaonya watu waliokuwa wakitumia vifaa vyake kwenye nchi ambazo haina kibali kwamba itawakatia. Fikiria dishi linazimwa wiki ya mavuno, mnunuzi anasubiri picha, na huna pa kulalamika. Kabla hujatoa hela, wasiliana na TCRA uulize jina la mtoa huduma kama lina leseni. Na kama kikundi kinataka kuwauzia majirani bando kutoka kwenye dishi, ulizeni hilo pia. Kuuza huduma ya mawasiliano ni biashara yenye masharti yake.

Kenya ina funzo lingine. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kajiado ikiwemo, kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Nyie mnaomwagilia kwa mfereji hilo halihitaji maelezo. Maji yakifunguliwa mashamba mengi kwa wakati mmoja, wa mwisho anapata matone. Setilaiti nayo ina zamu zake.

Kabla ya kufika kwenye dishi, jaribuni la bei nafuu. Chukueni ruta ya laini ya simu yenye antena ya nje, mfunge kwenye mlingoti mrefu, mwelekeze kwenye mnara. Pimeni kwa laini za mitandao tofauti, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Kuna mabonde ambayo hilo linatosha kabisa na hela inabaki. Na sio kila kitu kinahitaji intaneti: M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo unaingia kwa *152*00# hata kwa simu ya kitochi.

Mkiona ruta haisaidii, hapo dishi la kikundi lina maana. Chagueni banda la kukusanyia mazao lenye anga wazi na mtu wa kulilinda. Kila anayeona kitu asichokielewa shambani apige picha, akifika bandani itume siku hiyo hiyo. Wanunuzi nao watumieni picha za mzigo kabla gari halijaja, ili dalali asiwe peke yake anayejua mna nini.

Yule dada wa nyanya bado analima. Msimu huu ameweka mitego ya kantangaze mapema, na nikipita kwake huwa nashuka kwenye pikipiki, naingia mpaka katikati ya shamba, nageuza majani. Dishi langu bado liko juu ya paa na silijutii. Ila tungekuwa nalo bandani msimu ule, picha yake ingenifikia usiku uleule kabla hajachanganya dawa.

Kwenye kikao cha kikundi kijacho, pelekeni hoja hii na hesabu zenu. Mkikwama kwenye hesabu ya umeme niiteni, nakuja tuipige pamoja.

Tukutane shambani.