Daftari la Babu na Gharama ya Kulifungua

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira methali hiyo imepinduka: daftari lipo, bali mrithi hana nauli ya kulifikia. Makala haya yanashikilia kwamba kazi aliyoifanya babu au bibi ni sehemu ya urithi wa jamii nzima, na kwamba gharama ya kuifahamu haifai kuachiwa mjukuu mmoja mmoja.

Abagusii waliingizwa katika kazi za mshahara mapema katika karne ya 20. Wapo waliokuwa wapagazi katika vita vya 1914–1918, askari wa KAR, vibarua wa mashamba ya chai ya Kericho, makarani, matarishi na wakalimani. Wengine walikuwa walimu waliotokana na misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa. Sheria ya kipande, iliyopitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita, ilimlazimu mwanamume wa Kiafrika kutembea na hati iliyoonyesha mwajiri wake, mshahara wake, na tarehe za kuajiriwa na kuachishwa kazi. Hati hiyo ya udhalilishaji, iliyoning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati, ndiyo iliyokuwa rekodi ya kwanza ya ajira kwa wengi. Wanawake hawakubebeshwa kipande. Kwa hiyo bibi aliyekuwa mkunga au mwalimu ameacha karatasi chache zaidi, na kumtafuta kwataka muda mrefu zaidi.

Na ihesabiwe gharama yenyewe. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1965, iko Nairobi, takriban kilomita 300 kutoka mjini Kisii. Kuna nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula na malipo ya nakala. Lakini gharama iliyo kubwa kuliko zote ni siku. Mjukuu akilitafuta jina la Nyamira katika orodha za majalada ya kikoloni hatapata mengi, kwa kuwa eneo lote hilo lilitawaliwa kama sehemu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, ambayo mwaka 1948 iliitwa Nyanza Kusini. Jina la babu nalo huenda likawa matatu: lile la jamaa aliyefariki, alilolirithi kwa desturi ya Abagusii, lile la ubatizo, na lile lililoandikwa na karani kwa kadiri alivyolisikia. Kazi ya siku moja hugeuka ya siku tano. Mtu anayelipwa kwa kilo za majani ya chai anayochuma hawezi kukaa siku tano bila ujira.

Wakati huohuo, nakala za maikrofilamu za sehemu ya hifadhi hiyo zilitengenezwa katika miaka ya 1960 na kuwekwa katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Hivyo msomi wa huko aliwekwa karibu zaidi na ripoti za Bwana D.C. wa Kisii kuliko mwana wa Kisii mwenyewe.

Wapo watakaouliza: je, karatasi kuukuu zina umuhimu gani mbele ya maji, dawa na barabara? Swali hilo ni la haki, lakini historia imekwisha kulijibu. Baada ya vita vya kwanza, mishahara ya wapagazi wengi waliofariki haikuwafikia jamaa zao, na mojawapo ya sababu ni kwamba majina na makwao hayakuweza kutambuliwa. Leo kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa upande mwingine, majalada ya kikoloni yaliyofichuliwa Uingereza mwaka 2011 yalichangia kesi ya Wakenya walioteswa wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka 2013 walalamikaji 5,228 walikubaliwa kulipwa fidia. Karatasi iliyopotea iliwanyima watu haki. Iliyopatikana iliwarudishia japo sehemu yake.

Suala hili lawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Majalada yameandikwa kwa Kiingereza na kumbukumbu za nyumbani zasimuliwa kwa Ekegusii, ilhali sehemu kubwa ya kazi yenyewe, jeshini na mashambani, ilitendeka kwa Kiswahili. Isitoshe, Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alithibitisha kwamba maisha ya mtu wa kawaida katika kazi yake yanastahili kalamu. Tarishi wa Manga au mwalimu wa Nyansiongo hajapata mwandishi wa namna hiyo.

Njia ya kisheria imekwisha kufunguliwa. Katiba ya mwaka 2010 inatoa haki ya kupata habari, na Sheria ya mwaka 2016 inakataza ada ya kuwasilisha ombi. Linaloruhusiwa ni kulipia gharama halisi ya nakala. Katiba hiyohiyo imezikabidhi kaunti jukumu la maktaba na makumbusho. Basi kaunti za Kisii na Nyamira, zikishirikiana na Chuo Kikuu cha Kisii, zigharamie nakala za kidijitali za majalada ya Kavirondo Kusini na kuziweka katika maktaba za umma. Vyama vya Kiswahili navyo viwatume wanafunzi wakati wa likizo kuwahoji wazee, kwa maana majalada yaweza kungoja lakini wazee hawawezi.

Nakala moja ikinunuliwa na umma, wajukuu elfu wataisoma. Ikiachiwa kila familia, itanunuliwa mara nyingi na wenye nacho, na wasio nacho wataendelea kulitaja jina la babu bila kujua alifanya kazi gani.