Kila neno na mlango wake



Mwezi uliopita kituo cha afya kilituarifu kwamba chanjo ya surua itatolewa siku ya ine asubuhi. Tuliandika habari hiyo katika grupu yetu ya WhatsApp. Usiku uleule zikaingia salamu, maombi, picha za ndoa, bei ya makala na mabishano juu ya mahubiri. Kulipokucha, habari ya chanjo ilikuwa imefunikwa na ujumbe zaidi ya 80. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi 9, umri uleule wa chanjo hiyo, hakuiona. Hana mega za kufungua kila kitu. Siku ya chanjo alikuwa sokoni.

Tulikasirika, tukafunga grupu: viongozi tu ndio waandike. Kumbe tuliongeza kosa. Juma lile mama mwingine alitafuta usiku mtu wa pikipiki, mtoto ana homa kali, naye hakuweza kutuandikia. Aliamsha jirani. Mungu asifiwe, mtoto amepona.

Sisi walimu tungekumbuka mambo ya darasani. Mtoto akianza kusimulia habari za mbuzi wao katikati ya hesabu, hatumfukuzi. Tunamwambia, "Utatusimulia wakati wa mapumziko." Na mapumziko yakifika, tunamsikiliza kweli.

Basi tumepatana hivi. Grupu ya kwanza ni ya kazi: likelemba, mikutano, shule, afya na shida ya haraka. Kila mama anaweza kuandika, na tangazo kubwa tunalibandika juu. Ya pili tumeiita Barza: humo ni salamu, biashara, vichekesho na mabishano. Mama akikosea mlango, mmoja wetu anamwandikia peke yake, si mbele ya wote: "Mama, habari yako ni nzuri, uipeleke Barza." Tukifuta maneno yake kimyakimya, atafikiri tumemchukia, naye atanyamaza hata siku ya shida. Lakini msiba hauulizwi mlango, unapokelewa popote.

Yule mama wa kwanza alirudi kituoni siku nyingine, na mtoto amechanjwa.

Ninyi katika vikundi vyenu mnafanyaje? Mtuambie kwenye mkutano wa siku ya posho.