Bukama haihitaji kisiwa cha mfano kisicho na watu

Tarehe 5 Machi 2026, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza mchezo wa Pokémon Pokopia kwa ajili ya mashine yake ya Switch 2. Mchezaji anashika nafasi ya Ditto, kiumbe anayeweza kugeuka umbo lolote, ambaye safari hii amejigeuza mtu. Ditto anaamka katika nchi kavu, majani yamekufa, na watu wote wameondoka. Kazi yake ni kumwagilia, kupanda, kujenga, na kungoja viumbe warudi mmoja baada ya mwingine.

Jambo moja linalowafurahisha wapenzi wa mchezo huo ni kutembelea kisiwa ambacho watengenezaji wenyewe wamekijenga. Kisiwa hicho hakina vita wala mashindano. Mgeni anaingia, anazunguka, anatazama jinsi maua yalivyopangwa, jinsi maji yalivyoelekezwa na nyumba zilivyosimamishwa, kisha anarudi kwenye kisiwa chake akiwa na mawazo mapya. Kama vile fundi mashua anavyoacha mashua moja nzuri kando ya mto ili wateja waone mikono yake inaweza nini, watengenezaji wanawaambia wachezaji: nanyi mnaweza kufika hapa.

Kuna watu wazima watakaosema hayo ni ya watoto wa Ulaya na Japani. Mashine ya Switch 2 ilipotoka mwezi wa Juni 2025 iliuzwa karibu dola 450 nchini Marekani, fedha ambazo mvuvi wa Bukama hawezi kuzitoa kwa kitu cha kuchezea. Lakini si lazima mtu anunue mashine ili mawazo ya mchezo yamfikie. Video fupi zinapita katika simu, zinatoka Lubumbashi hadi Kamina, na kijana anayeshika simu ya rafiki yake anaona yote. Kwa hiyo inafaa kuuliza kisiwa hicho kinamfundisha nini, na ni nini kinachokosekana ndani yake.

Somo la kwanza ni la kweli, na Haut-Lomami ingefaa kulishika. Katika michezo ya zamani ya Pokémon, mchezaji alimkamata mnyama kwa kumtupia mpira. Katika Pokopia, anaandaa kwanza mahali pa kuishi: majani marefu hapa, mti pale, maji karibu. Mahali pakiwa tayari, kiumbe anakuja mwenyewe. Pakiharibika, hakuna atakayekuja, hata mchezaji akiwa na nguvu gani. Ni kanuni ambayo kila mvuvi wa Lualaba anaijua. Mahali ambapo mafunjo yamekatwa yote na vitoto vya samaki vimekosa maficho, hata wavu mrefu kuliko mto utarudi mtupu.

Na kama kuna mahali pa Kongo panapofanana na nchi ya visiwa na viumbe, ni hapa. Baada ya Bukama, mto Lualaba unaingia katika bonde la Upemba, bonde pana la mabwawa na maziwa mengi, yakiwemo Upemba na Kisale. Katika maziwa hayo mafunjo yanashikamana na kufanya visiwa vinavyoelea, na familia za wavuvi zinajenga vibanda juu yake. Ni visiwa vilivyojengwa kwa mkono, jani juu ya jani, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuvichora kwenye kioo cha mashine.

Viumbe nao wapo, ingawa wanakwisha. Lechwe wa Upemba ni swala wa matope na maji asiyepatikana popote pengine duniani. Katika hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka wa 2022 walionekana 10 tu, na watafiti wakakadiria kwamba wote kwa jumla hawafiki 100. Utafiti huo ulipochapishwa mwaka wa 2023, ulitoka pamoja na picha ya kwanza ya lechwe wa Upemba aliye hai. Kwenye nyanda za juu za hifadhi wako pia punda milia wa mwisho wanaoishi huru katika Kongo. Kuna watoto wanaoweza kutaja majina ya Pokémon mia moja bila kukosea, na huku jina la swala huyu hawajalisikia hata darasani. Aibu hiyo si ya watoto. Ni ya watu wazima ambao hawajawahi kuwaonyesha.

Lakini kisiwa cha mfano cha Pokopia kina kasoro, na kasoro hiyo ni hatari kwa mahali kama Bukama. Uzuri wake unaanza pale watu walipoondoka. Nchi inapona kwa sababu hakuna tena anayevua, anayekata kuni au anayetafuta chumvi ya watoto wake. Katika mchezo hilo halidhuru mtu. Katika siasa ya hifadhi, wazo hilo hilo limekwisha kuumiza wengi.

Hifadhi ya Upemba iliundwa mwaka wa 1939 na utawala wa Wabelgiji. Mipaka ilichorwa mezani, na tangu siku hiyo ugomvi kati ya hifadhi na wanakijiji juu ya mahali pa kuvua, kulima na kuwinda haujaisha. Walinzi wameuawa wakiwa kazini. Wavuvi nao wamenyang'anywa nyavu na mitumbwi. Kila upande una wafiwa wake. Anayedhani dawa ni kuwaondoa watu wote ili wanyama warudi, anaota ndoto ya Ditto.

Historia ya bonde hili inamkatalia. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua makaburi katika miaka ya 1957 na 1958. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi na mapambo ya shaba, kazi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Kwa karne nyingi watu, samaki na swala walikaa pamoja katika bonde moja. Ugonjwa wa leo una sababu zake: silaha za vita, soko la samaki lililopanuka tangu reli ya kutoka kusini ilipofika Bukama mwaka wa 1918, vyandarua vya mbu vinavyogeuzwa nyavu na kuzoa hata vitoto vya samaki, na umaskini unaomlazimisha mtu kula leo mbegu ya kesho.

Kuna jambo jingine ambalo kisiwa kizuri cha mchezo hakionyeshi: choo. Visiwa vya kweli vya mafunjo havina pa kuchimba choo wala bomba la maji safi. Watu wanakunywa ziwa lile lile wanalolichafua, na ndiyo maana kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika maeneo ya Bukama na Kikondja. Mtu hawezi kumhubiria mama juu ya uhai wa swala wakati mtoto wake anakauka kwa kuhara. Atamsikiliza yule aliyeleta maji kwanza.

Je, michezo ya kujenga basi haina faida? Inayo, ikitumiwa na wenye mahali. Tangu mwaka wa 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, limeshirikiana na watengenezaji wa mchezo wa Minecraft katika mpango unaoitwa Block by Block. Jijini Nairobi, wakaaji wa Kibera waliutumia kupanga uwanja wa Silanga. Watu ambao hawajawahi kusoma mchoro wa mhandisi waliweza kusimama ndani ya uwanja ambao bado haujajengwa, wakasema taa ziwe hapa, njia ipite pale. Hapo kisiwa cha mfano kinageuka kuwa mkutano wa kijiji.

Jambo kama hilo linawezekana Haut-Lomami, na halihitaji mashine ya dola 450. Kompyuta chache katika shule moja ya Kamina au Bukama zinatosha kuanza. Vijana wakae na wavuvi wazee, walichore bonde lao: samaki wanataga wapi, mafunjo gani yasiguswe, lechwe walionekana mara ya mwisho upande gani, kisima na choo vikae wapi ili maji ya mvua yasivibebe. Mzee aliyezaliwa juu ya ziwa anajua mambo ambayo ndege ya kuhesabu wanyama haitayaona kamwe.

Kisha serikali ya jimbo na wasimamizi wa hifadhi wajenge kimoja cha kweli. Si lazima kiwe kikubwa: bandari moja ndogo ya wavuvi yenye maji safi, vyoo vinavyofaa mahali pa mafuriko, tanuri za kukaushia samaki zinazotumia kuni kidogo, na nyavu zenye matundu halali zinazouzwa kwa bei ambayo mvuvi anaiweza. Jirani yake kiwe na sehemu ya ziwa ambayo wavuvi wenyewe wamekubali kuifunga wakati samaki wanataga, wakilindwa na njia nyingine ya kula katika miezi hiyo. Kufunga uvuvi bila kuonyesha sufuria itajazwa na nini ni kutunga sheria itakayovunjwa usiku.

Wengine watauliza kama bandari moja inaweza kubadilisha bonde zima. Peke yake haiwezi, kama vile kisiwa cha watengenezaji hakimjengei mchezaji kisiwa chake. Kazi yake ni kuonekana. Mvuvi wa kijiji cha pili atafika kuuza samaki, atawakuta watoto wasioumwa, atapima uzito wa samaki wa jirani yake, na atarudi nyumbani na swali. Maneno ya semina hayajawahi kufanya kazi hiyo.

Ditto alianza na nchi iliyokufa na muda usio na mwisho. Bukama bado ina ziwa lenye samaki, watu wanaolijua, na labda lechwe wasiozidi mia moja. Ila muda wake si wa mchezo: lechwe wa mwisho akifa, hakuna kitufe cha kumrudisha.