Kanuni za Maziwa: Nani Hulipa Kasese na Bwera?

Kila inapozungumzwa habari ya kuwabana wachuuzi wa maziwa magharibi mwa Uganda, madai ni yale yale. Wengi wanaoyatoa wana nia njema. Lakini yakipimwa kwa mfuko wa mfugaji wa bonde la Kasese, na wa mama anayenunua maziwa kwa kikombe pale Bwera, hayasimami. Sipingi kanuni. Maziwa ni chakula cha mtoto, na chakula cha mtoto hakiachwi holela. Ninachopinga ni kanuni inayotungwa bila kuuliza nani ataigharamia.

Dai la kwanza: "Leseni na vyombo ni gharama ya mchuuzi, mfugaji haimhusu."

Inamhusu sana. Tuchukue hesabu ya mfano: mchuuzi ananunua lita kwa shilingi 1,200 na kuiuza 1,800. Hizo 600 ndizo petroli ya bodaboda, ushuru wa soko, maziwa yanayoharibika njiani, na riziki yake. Mwongezee gharama ya shilingi 100 kwa lita: ama atapunguza bei ya kununulia, ama atapandisha ya kuuzia. Anayebanwa zaidi ni yule asiyeweza kusubiri. Mkulima wa kahawa huko milimani Rwenzori huianika na kungoja bei. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, katika joto la Kasese, bila kupozwa hayafiki jioni. Penye mnunuzi mmoja tu, mfugaji atapokea bei yoyote atakayotajiwa.

Dai la pili: "Maziwa mabichi yakipigwa marufuku, mnywaji atabaki na maziwa salama."

Hatari zipo kweli: ugonjwa wa brusela, kifua kikuu cha ng'ombe, maji machafu ya kuongezea ujazo. Lakini familia nyingi huchemsha maziwa kabla ya kunywa, na kuyachemsha sawasawa huua vijidudu vya magonjwa hayo. Mama mwenye shilingi 500 hununua kikombe. Pakiti ya kiwandani haikatwi nusu. Ukimwondolea kikombe, hahamii kwenye pakiti. Anahamia kwenye chai ya rangi, na mtoto ndiye anayekosa.

Kuwasaka wachuuzi barabarani kuna ubaya mwingine usiosemwa. Kopo la alumini lina mdomo mpana, mkono unaingia na kusugua hadi chini. Jerikani ya plastiki ina shingo nyembamba. Utando wa maziwa ya jana hubaki pembeni na kuchachua ya leo. Kila mchuuzi anajua hilo. Lakini kopo ni ghali na jerikani ni rahisi. Mtu anayehofia kunyang'anywa chombo barabarani atabeba kile ambacho akikipoteza hakimuumizi. Msako wenyewe ndio unaomrudisha kwenye jerikani.

Dai la tatu: "Wachuuzi hawafundishiki."

Kenya imeshalijibu. Kuanzia mwaka 2004, baada ya miaka mingi ya kuwafukuza, mamlaka za maziwa nchini humo zilianza kuwafundisha wachuuzi wadogo na kuwapa leseni. Watafiti waliofuatilia badiliko hilo walikadiria faida ya takriban dola milioni 33 kwa mwaka kwa nchi nzima, nayo haikuishia kwa wachuuzi: wafugaji na wanywaji waligawana sehemu yake. Uganda nayo ina shule ya mafunzo ya maziwa, lakini iko Entebbe, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kasese. Mchuuzi wa Bwera akienda huko, nani atawakusanyia wafugaji wake maziwa? Mwalimu ndiye asafiri.

Dai la nne: "Basi kanuni zote ziondolewe, soko litajipanga."

Halitajipanga, kwa sababu maji ndani ya maziwa hayaonekani kwa macho. Mnunuzi asiye na kipimo humlipa mwaminifu sawa na mdanganyifu, kisha hushusha bei ya wote ili kufidia hasara. Laktomita, kipimo kinachoelea ndani ya maziwa, ikizama kuliko kawaida, maji yanajulikana; na maziwa yakiganda yakichanganywa na spiriti, kuchacha kwake kunajulikana, hapo hapo, mbele ya watu. Kipimo cha namna hiyo kinamwongezea pato mfugaji mwaminifu. Hiyo ndiyo kanuni inayostahili kulipiwa.

Dai la tano: "Serikali ipange bei, kama zamani."

Shirika la serikali la maziwa, Dairy Corporation, liliundwa mwaka 1967 na kutawala usindikaji hadi soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo wanunuzi wameongezeka, na uzalishaji wa nchi umevuka lita bilioni 2 kwa mwaka. Bei ya chini iliyoandikwa kwenye karatasi haimlazimishi mtu kununua: mvua zikinyesha na maziwa yakafurika, mfugaji atarudishwa nyumbani na kopo lake. Tena bei yetu haiamuliwi Kampala peke yake. Mwaka 2023 Kenya ilipozuia maziwa ya unga kutoka nje, viwanda vya Uganda vilikwama na shehena, na mnunuzi aliyekwama hapandishi bei. Kinachomlinda mfugaji ni wingi wa wanunuzi. Kwa Bwera, soko jingine liko ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, katika Kongo iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kurahisisha vibali pale kutamfaa kuliko tangazo lolote la bei.

Nadai mambo matatu. Mafunzo yatolewe Bwera na Kasese zenyewe. Makopo yatolewe kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo, badala ya kunyang'anya jerikani. Na kila kanuni mpya ije na hesabu yake: itaongeza shilingi ngapi kwa lita, na zitatoka kwa nani. Isiyoweza kujibu hayo isipitishwe.